Sauti za Agenu

Kabla Manrani Limbu hajarudi kutoka Beirut, duka langu la ushonaji mjini Dharan lilikuwa duka kama mengine: cherehani mbili, kioo kirefu chenye ufa, na wanawake wa kulalamika kwamba blauzi imebana kwapani. Alipokuja kuniomba nimkodishe nusu ya duka auze achari yake ya pilipili duara, zile nyekundu zinazowatoa machozi hata wenyeji, nilimwambia ukweli.

"Didi, wateja wako hawataingia humu. Mimi ni Pariyar."

Didi ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, hata kama hamkuzaliwa tumbo moja. Na Pariyar ni ukoo wetu sisi washonaji, ambao majirani wengi walikuwa hawanywi maji tuliyoyagusa. Manrani alichukua mtungi wangu wa shaba, akasimama mlangoni kabisa, mbele ya soko zima, akainua kichwa na kujimiminia maji kooni mpaka mtungi ukabaki mtupu. Akafuta kidevu.

"Rafu zangu nizipange upande gani, Junkiri?"

Siku hiyo nilijua nimepata mtu.

Watu walimsema sana. Kwetu mwanaume akirudi kutoka ughaibuni anauliziwa safari yake. Mwanamke akirudi anaangaliwa tumbo. Didi alifanya kazi za ndani Beirut kwa miaka mingi, akarudi na Kiarabu cha jikoni, goti bovu, na tabia ya kuwauliza wasichana maswali. Maana wasichana wanaojiandaa kusafiri walikuwa wanakuja kwangu kushona kurta za safari, yale magauni marefu ya kuvalia juu ya suruali, na kila nilipompima mmoja kifua, sauti ilitoka nyuma ya chupa za achari.

"Unaenda wapi, mdogo wangu?"

"Doha, Didi."

"Unamjua nani huko?"

"Simjui mtu. Wakala amesema nitapokelewa."

"Atakupokea nani? Jina lake? Sauti yake umeisikia?"

Msichana angeanza kukunja ncha ya shali. Hapo Didi angetoa simu yake, angempigia mwanamke mmoja aliyeko Doha, na kusema, "Huyu hapa anakuja. Ongea naye umjue sauti." Nao wangeongea, mmoja amesimama na futi yangu shingoni, mwingine huko aliko akiwa anaosha vyombo, mpaka wamalize kucheka.

Kutoka hapo likazaliwa kundi la kwenye simu. Wengi wetu tunaona haya kuandika, kwa hiyo Didi aliamua kila kitu kiwe cha sauti. Akaliita Agenu. Agenu ni lile shimo la moto katikati ya sakafu ya nyumba zetu za milimani, wanawake wanapokaa kuota moto kazi zikiisha, na ndipo maneno ya kweli yanaposemwa. Masharti yalikuwa machache. Kila mmoja kila siku aseme, "Moto unawaka," basi, ijulikane kwamba yu mzima. Asiposikika, wenzake wamtafute. Na hakuna kuulizana ukoo.

Hilo la ukoo lilileta maneno. Dada mmoja mgeni aliyeko Sydney, mwenye sauti ya kishuleshule, alinisikia nikieleza namna ya kupunguza kurta, akauliza, "Samahani, huyu Junkiri ni Junkiri nani? Wa ukoo gani?" Ndipo Didi akajibu, taratibu kabisa, "Dada, hapa tunajuana kwa sauti. Ukitaka koo za watu, nenda kwa mnajimu, atakupigia na nyota kabisa." Zilimiminika sauti za kicheko kutoka nchi ambazo sijui hata ziko upande gani wa jua. Yule dada aliomba radhi kesho yake. Leo yeye ndiye anayewasaidia wanafunzi wetu wote wa Sydney kutafuta vyumba, na akija Dharan hali chakula kwingine ila kwangu.

Kundi likakua. Ambika, muuguzi aliyeko Folkestone, Uingereza, akawa anajibu maswali ya homa, ya mimba na ya maumivu ambayo mtu hawezi kumwambia bosi wake. Wanawake wa Cyprus wakawa wanafundishana maneno ya Kigiriki: naumwa, nimechoka, hiyo siyo kazi tuliyokubaliana. Dilkumari, Mtharu wa tambarare za Bardiya anayechuma matunda kwenye mashamba ya Ureno, alikuwa akitutumia sauti za upepo unaopiga nailoni za mashamba, na malalamiko kwamba huko hakuna dengu za maana.

Kaka yake Didi, Jasbir, mwanajeshi mstaafu, alikuwa akipita dukani kila asubuhi kwa ajili ya kutukera tu.

"Enhe, Redio Masengenyo iko hewani?"

"Iko, kaka," Didi alimjibu siku moja bila kuinua macho. "Habari kubwa leo: mzee mmoja maarufu wa Dharan kavaa sweta nje ndani."

Jasbir alijitazama kifuani, akaondoka haraka akijifunika kwa mwavuli. Lakini kesho yake alirudi. Nadhani hata yeye alikuwa akipenda kusikiliza.

Sasa, katika wasichana waliopita mikononi mwangu alikuwemo Phungma, Mlimbu kama Didi, kutoka vijiji vya juu vya Panchthar. Mrefu, mwenye mabega ya kubebea nyasi, na kicheko kilichomtoka puani. Nilimshonea kurta mbili, moja ya kijani na moja ya zambarau. Alikuwa anakwenda Kuwait kulea watoto. Alipofika alianza vizuri, kila siku alisema, "Moto unawaka, na kuni zipo!" Hiyo ya kuni aliiongeza mwenyewe, ikatuchekesha. Halafu familia ile ikahamia mtaa mwingine ambao hakuujua jina, na Phungma akanyamaza.

Tulimpigia, simu ikawa haipatikani. Rupkala, mwenzetu aliyekuwa anafanya usafi kwenye shule moja hukohuko Kuwait, alikwenda kwenye nyumba ya zamani akakuta watu wengine. Kila siku kundini mtu aliuliza, "Phungma?" na hakuna aliyejibu. Didi alipunguza kula. Kila nilipomtengea wali aliuchokonoa tu na kuusukuma pembeni.

Mvua za mwezi wetu wa Saun zilikuwa zimeanza pale mama yake Phungma alipoingia dukani, kapu mgongoni limeshikiliwa na kamba ya paji la uso, miguu imejaa tope la njia nzima. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye pete nene za dhahabu puani na masikioni kama mama zetu wa zamani. Alitua kapu, akakaa juu ya majora yangu ya vitambaa bila kuombwa.

"Mwanangu aliniambia akipotea nije hapa," alisema. "Ameshapotea. Nimekuja."

Alikuwa ametokea kwa wakala, yule mwanaume mwenye ofisi ya kioo karibu na mnara wa saa. Kumbe wakala alimcheka. Alimwambia, "Mama, binti yako kapata bwana huko. Wasichana wenu wa milimani wakiona lami wanasahau nyumbani."

Didi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha alivua aproni yake ya achari.

"Junkiri, funga duka. Chukua kile kipaza sauti cha shemeji yako, cha harusini."

"Kwa nini?"

"Wewe chukua. Nitakueleza njiani."

Njiani alirekodi ujumbe, maneno machache tu: Phungma hajulikani alipo, wakala hataki kusema, kila mwenye sauti amuulize. Tulipofika mbele ya ile ofisi ya kioo, mama ametangulia, mimi nimekumbatia kipaza sauti kilichofunikwa na koti la mvua, majibu yalikuwa yameshaanza kuingia. Didi akaunganisha simu. Sauti ya kwanza kutoka ilikuwa ya Ambika wa Folkestone, kali kama ya mwalimu mkuu: "Bwana wakala, Phungma yuko wapi?" Ikafuata ya Sydney. Ikafuata ya Dilkumari, upepo wa Ureno nyuma yake: "Wewe bwana, Phungma yuko wapi?" Cyprus. Doha. Hong Kong. Seoul. Moja baada ya nyingine, barabara nzima ikisikia. Wauza momo, zile sambusa za kupikwa kwa mvuke, waliacha sufuria zao wakaja. Wenye teksi walizima injini.

Wakala alitoka, shati limelowa kwapani.

"Nyie wanawake mna wazimu? Zimeni hiyo simu!"

"Hatuwezi kuizima," Didi alimwambia kwa upole. "Siyo sisi tunaoongea. Ni Wanepali wa dunia nzima. Ukiwajibu wao, sisi tutakwenda kupika."

"Mimi sijui yuko wapi! Mimi napeleka tu!"

Mama yake Phungma alimsogelea. Kichwa chake kilimfikia wakala kifuani. "Unapeleka usichojua kinakofika?" aliuliza. "Hata mbuzi mtu huuliza anakwenda nyumba gani."

Watu walicheka, na kicheko kile ndicho kilichomwumiza zaidi. Aliingia ndani, akapiga simu, akatoka amebadilika rangi. "Kesho saa nane mchana binti atapiga simu kwa mama yake. Mtaongea naye, mtasikia wenyewe kuwa ni mzima, na mtaniacha nifanye kazi yangu."

Kesho yake hakuna aliyeshona wala kuuza. Mvua ilikuwa inapiga bati. Tulikaa chini watatu, simu ya mama katikati juu ya kipande cha kitambaa chekundu, yangu pembeni tayari kurekodi. Jasbir naye aliingia, akakaa kwenye stuli ya wateja, mwavuli magotini, bila utani wowote.

Simu iliita.

"Mama, ni mimi," Phungma alisema kwa Kinepali. "Niko salama. Nakula vizuri. Msinitafute, msiwasumbue watu."

Nilimwona mama amekaza uso. Hajawahi kuongea na mwanawe kwa Kinepali tangu amzae. Lugha yao ya nyumbani ni Kilimbu. Nyuma ya ile sauti tulisikia mwanaume akikohoa, na mwanamke akisema jambo kwa Kiarabu. Didi alinisogelea sikioni. "Mwenye nyumba anamwambia asirefushe. Na huyo anayekohoa ni dereva. Kawekwa asikilize Kinepali."

Nikafikiri mambo yameishia hapo. Mama alifumba macho kidogo.

"Haya, mwanangu," alisema kwa Kinepali, sauti nyepesi kama mtu asiye na shida. "Nimefurahi. Nimekuja mjini nina upweke. Hebu niimbie kidogo, kama tukiwa kwenye mtama. Nikusikie koo tu, halafu nikate."

Ikaingia sauti ya dereva, kwa Kinepali cha Siliguri, upande wa India: "Haya, mwimbie mama yako. Fanya haraka."

Mama akaanza yeye, kwa Kilimbu ambacho dereva hakukijua. Ni wimbo wa milimani wa kupokezana, mmoja huimba, mwingine humjibu, na maneno kila mtu huyatunga papo hapo. Waliniambia baadaye kwamba enzi za usichana wake watu walikuwa wanashuka mabonde mawili kumsikiliza, na hakuna aliyewahi kumwacha bila jibu. Mimi Kilimbu changu ni cha sokoni tu. Maneno haya alinifasiria Didi baadaye, nami nayasema kama alivyoniambia.

Mama aliimba:

*Kuku wangu mweupe aliruka ua,*
*huko aliko mtama anaupata?*

Ile pumzi iliyotoka upande wa pili niliisikia wazi. Halafu Phungma akajibu, kwanza akitetemeka, kisha sauti ikapata mahali pa kukanyaga:

*Mtama upo, mama, lakini banda lina kufuli,*
*na ufunguo umelala shingoni kwa mwenye banda.*

Didi alinishika mkono kwa nguvu, kucha zikaniingia. Aliinama kwenye sikio la mama, akanong'ona. Mama akaitikia kwa kichwa na kuendelea, bila kupoteza hata pigo moja:

*Akichungulia tunduni kuku wangu,*
*macho yake yanatua wapi?*

*Yanatua kwenye uyoga watatu wa mistari ya buluu,*
*wamebeba maji vichwani.*
*Chini yao farasi wanazunguka duara,*
*jua likiwa bado halijawa kali.*

Dereva alikuwa akifuatisha wimbo kwa kugonga kitu mezani. Alikuwa anaupenda, maskini. Didi akanong'ona tena.

*Na mlango wa banda, mwanangu,*
*umepakwa rangi gani?*

*Kijani, mama, kama mpunga uliopandwa jana.*
*Juu yake tai wawili wa mawe,*
*mmoja amepoteza kichwa.*

Hapo Didi hakuwa na swali lingine. Lakini mama alikuwa nalo lake. Alilivuta kwa sauti ya chini, ndefu, mpaka Jasbir akageuzia uso ukutani:

*Je, mwewe anamdonoa kuku wangu?*

Phungma akalipokea:

*Anamdonoa, mama, mgongoni na mkononi.*
*Lakini macho yake mazima,*
*na njia ya kwenu anaikumbuka.*

"Inatosha, inatosha," dereva alisema, na simu ikakatwa.

Mama aliendelea kukaa wima. Machozi yalikuwa yanamtoka lakini mdomo wake ulikuwa umesimama imara, na alimtazama Didi kama mtu anayetoka mashindanoni. "Umepata vyote ulivyotaka?" aliuliza.

"Vyote, mama," Didi alisema. "Vyote na zaidi."

Jasbir alipenga kamasi kwenye leso. Yeye ni Mlimbu, alikuwa amefuata kila neno. "Jeshini," alisema, "tulikuwa tukiwafundisha vijana miezi mingapi ili watoe taarifa kama hiyo. Na wengine mpaka leo hawajaweza."

Didi alieleza kila kitu kwa Kinepali, akatuma maelezo hayo kundini pamoja na wimbo wenyewe. Kisha tukasubiri, tukinywa chai ambayo hakuna aliyesikia ladha yake. Rupkala ndiye aliyetangulia: matangi ya maji ya namna hiyo yapo mengi Kuwait, alisema, yamesimama makundi makundi, angeanzia wapi? Mwingine alisema farasi amewahi kuwaona mbali, njia ya jangwani. Mwingine akasema hapana. Tulikuwa tumeanza kuvunjika moyo ilipoingia sauti ya Dilkumari kutoka Ureno. Alikuwa anahema, inaelekea alikuwa amekimbia kutoka kwenye mistari ya matunda.

"Hao farasi nawajua! Kabla sijaja huku nilikaa Kuwait. Nilikuwa nawapeleka watoto wa bosi kuwaangalia kila asubuhi, mpaka mmoja akaning'ata shali. Matangi yako nyuma yao, matatu, sawasawa. Rupkala, upo? Nisikilize mimi, nakuelekeza. Unapajua pale barabara inapokata kwenye kituo cha zimamoto?"

Wakaanza kuelekezana, mmoja yuko shambani Ulaya, mwingine stoo ya shule Kuwait kati ya fagio na ndoo, na sisi Dharan tunasikiliza kama watu wanaofuatilia mechi. Huyu anasema kushoto, yule anasema huko siku hizi kuna ukuta. Huyu anakumbuka duka la mikate, yule anasema limegeuka duka la simu. Mama hakuelewa hata jina moja, lakini kila Rupkala aliposema "hapo nimepaelewa," alipiga goti lake kofi.

Ijumaa, siku yake ya mapumziko, Rupkala alikwenda na wenzake wawili. Walibeba mwavuli wa jua na mfuko wa mboga, wakatembea polepole kama wafanyakazi wa mitaa ile wanaotoka sokoni. Walizunguka uwanja wa farasi. Nyumba ya kwanza mlango mweusi. Ya nyuma yake mweupe. Katika mtaa wa tatu Rupkala alisimama, akajifanya anafunga kiatu, na akatutumia sauti ya kunong'ona ambayo nimeihifadhi mpaka leo: "Tai huyu hapa, Didi. Hana kichwa. Jamani, hana kichwa kweli!"

Hawakugonga. Didi alikuwa amewaonya wasithubutu. Walikwenda moja kwa moja ubalozini kwetu, wakaambiwa warudi, na kesho yake asubuhi ofisa mmoja kijana akawasikiliza. Aliwauliza wanajuaje kwamba msichana yumo ndani ya nyumba ile ilhali hakuna aliyemwona. Rupkala akaweka simu mezani na kumpigia ule wimbo. Yule ofisa hakujua Kilimbu, akaita mpishi wa ubalozi, mzee wa kutoka Taplejung. Mzee alisikiliza mpaka neno la mwisho, akavua kofia yake. "Bwana," alisema, "mama anamuuliza mwanawe kama anapigwa. Unangoja nini?"

Waliondoka na polisi wa mtaa ule. Lango la kijani lilifunguliwa, na baada ya maneno mengi Phungma akatoka amevaa ile kurta ya zambarau, haina mfuko mmoja, viatu mkononi. Rupkala alisema alipoona wanawake watatu wa Kinepali wamesimama juani wakimngoja, hakukimbia wala hakulia. Aliweka viatu chini, akavivaa kwanza, akafunga kamba zake vizuri, ndipo akaanza kutembea kuwaendea.

Jioni ileile sauti yake iliingia kundini: "Moto unawaka. Na kuni zipo." Sijui ni wangapi walijibu, simu yangu ilinguruma juu ya meza ya cherehani mpaka ikajisogeza yenyewe ikaanguka. Wengine walikuwa wanalia, wengine wanapiga vigelegele, yule wa Sydney alikuwa kazini kwenye mgahawa na tulisikia mpishi wake akiuliza kwa Kiingereza nani kafa. Mama aliomba asikilizishwe sauti zote, moja moja, hata za watu asiowajua. "Huyu yuko wapi?" angeuliza. "Cyprus." "Na huyu?" "Korea." Aliitikia kwa kichwa kila jina la nchi kama anayehesabu wakwe waliokuja na zawadi.

Yule wakala alifunga ofisi yake ya kioo kabla ya sikukuu ya Dashain. Nasikia hakuna aliyemfukuza, ni kwamba kila msichana aliyeingia alimuuliza, "Nitafikia nyumba gani, na nani ananipokea?" na yeye alikuwa hana majibu. Mawakala wenzake waliobaki sasa wanayo, maana wanajua watasikilizwa.

Phungma alirudi mwanzoni mwa baridi. Tulikwenda kumpokea uwanja wa ndege wa Biratnagar kwa gari la kukodi, Jasbir mbele na dereva akijifanya yeye ndiye ameandaa yote. Mama alikuwa amevaa nguo yake ya sherehe na kitambaa kipya cha dhaka, kile cha nakshi za kufumwa, nilichomshonea. Didi, ambaye hakuwahi kupokelewa na mtu aliporudi kwake, alikuwa amenunua mashada ya maua ya njano mengi mno, hata mikono haikutosha, mengine nikayaning'iniza mimi shingoni.

Phungma alitoka amekonda, nywele fupi, kovu jipya mkononi. Mama alimshika kichwa kwa mikono miwili, akamnusa utosi, akamwambia kitu kwa Kilimbu ambacho sikukiuliza na Didi hakunifasiria. Halafu Phungma akatugeukia. Walikuwepo na wanawake wengine, waliotoka Itahari, Damak na Ilam, ambao walimjua kundini tu na hawakuwahi kumwona. Walikuwa wamesimama kwa aibu, kila mmoja na shada lake, hawajui waanzeje.

"Semeni kitu," Phungma alisema.

"Tuseme nini?" mmoja aliuliza.

"Wewe ni Sumnima wa Damak! Wewe ndiye uliyeniambia nipake siki nikiungua." Akamkumbatia. Mwingine akasema karibu nyumbani. "Na wewe Kabita, mwenye jogoo asiyenyamaza!" Akafumba macho makusudi, akawa anapita mbele yetu kama anachagua, kila mwanamke anasema neno moja, na yeye anamtaja jina kabla hajafungua macho. Hakukosea hata mmoja. Abiria wengine walisimamisha mizigo yao kutazama. Mwanaume mmoja aliyevaa tai alimuuliza Jasbir, "Mzee, hawa ni wa chama gani?"

Jasbir alinyoosha mgongo kama yuko gwaride.

"Hawa?" alisema. "Hawa wana watu Ureno, wana watu Sydney, Kuwait, Uingereza, Korea. Kila mahali. Na yule mwenye goti bovu ni dada yangu."

Didi alimsikia. Aligeuka na shada la mwisho mkononi, akamvika kaka yake shingoni, tukaanza kupakia mizigo.